Wando wa Jebel Ali

Ukimkuta Mkenya Dubai ukamuuliza kwao wapi, nakuapia, nusu yao watakwambia Mombasa. Hata yule aliyezaliwa milimani, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona kabla ya kupanda ndege ni ya mto wa kufulia, atakwambia Mombasa. Si ubaya. Mwarabu anaijua Mombasa, Mhindi anaijua, Mfilipino ameisikia. Ukimtajia Vihiga, kule bara magharibi, utakaa naye saa nzima ukimchorea ramani kiganjani. Kwa hiyo watu hukata njia. Jairus Kidake wa Vihiga naye alikata njia, na lau angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini yule bwana alikuwa na mdomo usiojua kukaa.

Alikuwa mlinzi wa geti kwenye mkahawa mmoja wa Kimalesia huko Jebel Ali, uliojengwa ukingoni mwa maji mafupi, mbali kidogo na makontena ya bandarini. Mwenye mkahawa, Madam Rohana, alikuwa mwanamke wa makamo, mkali kwa wapishi na mpole kwa walinzi. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 2016, alisimama getini kungoja gari lake, akamuuliza Jairus kwao wapi. Mombasa, Madam. Na baba yako anafanya kazi gani? Sasa baba yake Jairus alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye hata omena, dagaa wa ziwani, hali mpaka amemnusa kwanza. Mwana akajibu bila kupepesa macho: mvuvi, Madam. Tena si mvuvi wa mashua, ni wa wando.

Neno hilo hakulitoa kwao. Alilitoa kwa Shomari.

Shomari Badawi alikuwa mtu wa Kigombe, upande wa Tanga, mwosha masufuria katika mkahawa huohuo. Yeye na Jairus walilala kitanda kimoja cha ghorofa huko Muraqqabat, Shomari chini, Jairus juu, katika chumba cha watu wanane. Hakuwa msemaji, ila ukimtajia bahari ya kwao ulimi ulimlegea. Ndipo angekueleza jinsi baba yake, Mzee Badawi, alivyoshinda miaka sitini akisimamisha wando: uzio wa fito na boriti unaochomekwa mchangani pale maji yanapokupwa, wenye mabawa mawili marefu na chumba kimoja mwishoni, samaki akifuata bawa anajikuta chumbani na hajui pa kutokea. Hauhitaji mashua wala ndoana. Unahitaji kujua maji. Jairus alikuwa akisikiliza kutoka juu huku akichezea simu, na kumbe yaliingia.

Madam Rohana aliposikia habari ya wando, macho yalimjaa maji palepale getini. Baba yake, Haji Deraman, alikuwa fundi wa mitego hiyo huko Terengganu. Kwao wanauita kelong, nguzo zimesimama baharini kama msitu. Hata Waarabu wa hapa wana wao, alisema, wanauita hadhra. Alikuwa na ndoto ya kusimamisha mmoja mbele ya mkahawa, wageni wauone wakila, na tena unase samaki kweli, kwa sababu baba yake angekuja kumtembelea mwezi wa tatu na baba yake si mtu wa mapambo. Kibali alikuwa ameshakipata, alichokosa ni mtu. Na mtu ndiye huyu, amesimama getini na kirungu.

Hapo Jairus angeweza kusema, Madam, samahani, nilizidisha chumvi. Sentensi moja tu, ikaisha. Lakini visa yake ilikuwa imebakiza wiki tano, Madam ndiye wa kuisaini, na Rispah, mkewe, alikuwa nyumbani na watoto wawili akihesabu siku kuliko hata yeye. Akasema, inshallah Madam, nitakujengea. Keshoye alivuliwa sare ya ulinzi, akavishwa kofia nyeupe ya msimamizi, na wanaume watano wakawekwa chini yake. Wa tano alikuwa Shomari, aliyetolewa jikoni kwa muda.

Jioni ile kwenye basi la wafanyakazi Jairus alikaa karibu na Shomari, kijasho chembamba kinamtoka hata na kiyoyozi kimewaka.

“Ndugu yangu, nimejipalia makaa,” alisema.

“Nimesikia. Umekuwa mtoto wa Mzee Badawi.” Shomari alicheka kidogo. “Angalau ungeniuliza kwanza kama tuna nafasi nyumbani.”

Wakakubaliana. Kila jioni ndani ya basi Shomari angemfundisha kazi ya kesho, na asubuhi Jairus angetoa amri kama ni zake. Na Jairus akaapa, kwa jina la Mungu wake na la mama yake, kwamba wando ukisimama atamwambia Madam mwalimu alikuwa nani, ili Shomari atolewe kwenye masufuria. Mikono ya Shomari ilikuwa imeliwa na sabuni mpaka ngozi ya vidole inabanduka. Usiku alikuwa akiipaka mafuta ya nazi na kulala ameiweka juu ya kifua.

“La kusifiwa si kitu,” Shomari alisema. “Wando ukae sawa tu. Ukikaa vibaya ndiyo mbaya.”

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda murua. Boriti za mikoko na fito walizipata kwa wakala mmoja wa Deira, wakazichonga ncha, wakazisuka kwa kamba maji yalipokupwa. Jairus alipiga mayowe ya “yalla, yalla” akiwa na suruali kavu, na Shomari ndiye aliyekuwa majini mpaka kiunoni. Madam alikuja na chai, akamsifia Jairus mbele ya watu, na Jairus akavaa kile kilemba cha ukoka kikamkaa vizuri. Mtu akisifiwa siku saba kwa kazi asiyoijua, siku ya nane huanza kuamini anaijua. Huo ndio ugonjwa uliompata.

Wiki ya pili jikoni kulikuwa na karamu ya harusi, Shomari akarudishwa kwenye masufuria kwa siku tatu. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kila kitu: mabawa yafunguke kuelekea wapi. Shomari alikuwa amesema, lisubiri hilo mpaka nirudi. Lakini Madam alikuja na mashemeji zake wawili kuwaonyesha, akauliza mbele yao, mdomo utaangalia upande gani, Jairus? Na Lukman, kijana wa Kiganda, mhudumu wa mezani, aliyekuwa bingwa wa mizaha katika kundi lile, akasimamisha nyundo ili asikie. Jairus akafikiri kama mtu wa bara anavyofikiri. Samaki wanakaa wapi? Baharini. Mlango wa nyumba huwekwa wanakotokea wageni. Akanyoosha mkono kwenye maji makubwa akasema, kule, Madam, ndivyo baba anavyofanya. Siku tatu baadaye mabawa yote mawili yalikuwa yamechomekwa, mdomo wazi kwa bahari, chumba kimeegemea pwani.

Shomari alirudi asubuhi ya nne. Alisimama kwenye mchanga akautazama ule wando muda mrefu. Madam alikuwa pale, Lukman alikuwa pale, wote walikuwa pale.

“Umegeuzwa,” alisema polepole. “Samaki huingia na maji yakijaa, anakuja pwani kula, hatumzuii. Tunamngoja akirudi. Maji yakipwa anatoka nayo, ndipo anapokutana na mabawa. Mdomo hutakiwa kuangalia pwani. Huu atauzunguka tu.”

Jairus alijua palepale kwamba ni kweli. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma baadaye kila alipolikumbuka, kwamba hakuwa na hata chembe ya shaka. Lakini Madam alikuwa amemgeukia, anangoja, na mashemeji walikuwa wameshaambiwa. Ulimi ukamtangulia.

“Wewe ni mtu wa masufuria,” alimwambia Shomari kwa Kiingereza, ili Madam asikie. “Khalas, maneno basi. Kamata boriti au rudi jikoni.”

Shomari alimtazama, akakamata boriti. Jioni hiyo kwenye basi Jairus alisema, nisamehe, ilinitoka tu. Shomari akasema haidhuru, mradi ugeuze kabla mzee hajafika. Na Jairus angegeuza, alikuwa amekwisha azimia, ila kila asubuhi ilipofika aliona haya kuwaambia watu watano wang'oe walichochomeka kwa amri yake. Akaahirisha leo, akaahirisha kesho. Mzee akafika.

Haji Deraman alikuwa kikongwe mwembamba wa miaka sabini na mitano, kofia nyeusi kichwani. Hakutaka chai wala kuonyeshwa meza. Alikunja suruali akaingia majini wakati yanakupwa, kwa fimbo yake, akaenda mpaka chumbani mwa wando, akachungulia. Mlikuwa na gunia la plastiki na kaa mmoja. Alirudi pwani akasema maneno machache ya Kimalei, na uso wa binti yake ukabadilika.

“Baba anauliza nani aliweka mdomo,” Madam alisema kwa Kiingereza.

Watu wakamtazama Jairus. Visa ilikuwa imebakiza wiki tatu. Akasikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu mwenye adabu zake: “Shomari, Madam. Alisema ndivyo baba yake anavyofanya kwao. Mimi nikamwamini.”

Madam alitafsiri. Haji akamtazama Shomari juu mpaka chini, akasema neno, na binti akalitoa kwa Kiingereza huku akitabasamu kwa kuona vibaya. “Baba anasema, baba aliyemfundisha mwanawe hivi hajawahi kuona samaki ila kwenye sinia.”

Lukman akaangua kicheko, wenzake wakafuata. Na Jairus naye akacheka. Hakuna aliyemlazimisha. Alicheka kwa sababu wote walikuwa wakicheka na yeye alitaka kuwa miongoni mwao.

Shomari alijua habari ya visa. Alimjua Rispah kwa sauti, alishawahi kumsalimia simuni mara nyingi. Akamwinamia mzee kidogo akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, “Sorry, Haji. Mistake mine.” Akarudi jikoni, kwenye sinki lake.

Siku mbili zilizofuata Jairus aliishi kama mwizi. Haji Deraman mwenyewe alisimamia kuugeuza wando, na Jairus alishika boriti alizoelekezwa azishike. Jikoni Lukman alikuwa ameshambatiza Shomari jina la Mzee wa Sinia, na kila sahani ilipopita mtu aliuliza, Mzee, humu mna samaki? Shomari alikuwa akitabasamu. Chumbani alimkaribisha Jairus chakula kama siku zote, ugali na dagaa, akamsogezea pilipili bila kuombwa. Laiti angemtukana. Jairus alikula na kila tonge lilipita kwa shida. Alimwonea haya mpaka akawa anapanda kitandani mapema ili asitazamane naye.

Kilichomvunja kilikuwa simu. Walikuwa ndani ya basi siku ya tatu, wamekaa kiti kimoja kwa sababu hapakuwa na kingine, na Mzee Badawi akapiga kwa Imo. Sauti yake ilitoka kavu na changamfu. Alitaka kujua wando wa Arabuni umesimamaje. Wiki mbili alikuwa akiwasimulia wenzake msikitini Kigombe kwamba ufundi wake umevuka bahari.

“Umesimama, baba,” Shomari alisema, uso kaugeuzia dirishani. “Umesimama vizuri. Amekuja mzee wa Kimalesia, fundi hasa. Ameutazama. Amekusifu sana, baba.”

“Amenisifu?”

“Amesema huyu alifundishwa.”

Mzee akacheka kule kwa furaha mpaka akakohoa. Jairus aliketi pale, goti lake linagusana na goti la Shomari. Katika miaka miwili ya kulala kitanda kimoja hakuwahi kumsikia Shomari akisema uongo, hata wa kumkwepa mwenye deni. Sasa alikuwa amejifunza, na mwalimu wake alikuwa huyu hapa.

Asubuhi ilimkuta hajalala. Alimfuata Madam Rohana mezani, alipokuwa akinywa chai na baba yake kabla mkahawa haujafunguliwa, akavua kofia nyeupe akaiweka mezani, akasema yote. Kwamba hakutoka Mombasa. Kwamba baba yake alifundisha hesabu. Kwamba kila boriti iliyokaa sawa ilikuwa ya Shomari, na mdomo tu ndio uliokuwa wake yeye. Alisema haraka, macho sakafuni, Madam akitafsiri kipande kipande, na alipomaliza hapakuwa na aliyepandisha sauti.

“Utarudi getini,” Madam alisema mwishowe. “Visa nitaisaini, watoto wako hawajanidanganya kitu. Getini sitakuuliza tena unatoka wapi.”

Jairus alidhani yameisha. Alikuwa hata ameanza kusikia ule wepesi wa mtu aliyetua mzigo, akageuka aondoke. Lakini Haji Deraman alikuwa amesimama, ameshika fimbo, anaelekea jikoni. Wakamfuata. Mzee yule aliingia katikati ya mvuke na masufuria, mbele ya Lukman na wapishi wote, akaushika mkono wa Shomari uliojaa povu kwa mikono yake miwili. Alizungumza kwa sauti ya chini, na binti yake akatafsiri: baba anaomba radhi, alimtukana mtu asiye na kosa. Lukman alitazama viatu vyake. Mzee wa miaka sabini na mitano alikuwa akiomba msamaha wa dhambi ya Jairus, na Jairus amesimama mlangoni mikono mitupu.

“Haji, hapana, basi,” Shomari alikuwa akisema. “Yamekwisha.”

Hayakuwa yamekwisha. Haji alitikisa kichwa. Aliyetukanwa si wewe, alisema, ni baba yako. Mpigie simu.

Shomari alikataa. Alisema baba yake analala, alisema mtandao mbovu, alisema siku nyingine. Kila mtu alidhani ni heshima. Jairus peke yake alijua ni nini, na hakuthubutu kusema. Haji alinyoosha kiganja akakiacha hivyo hivyo, kama mtu anayengoja chenji. Mwishowe Shomari alijifuta mikono, akapiga, akaiegemeza simu kwenye rafu ya sahani. Mzee Badawi alikuwa na kawaida ya kuishika yake karibu mno, kwa hiyo kilichotokea kwenye kioo kilikuwa paji la uso na nusu ya kofia.

Wazee wakatoleana salamu za Kiislamu, wakaulizana hali kwa alhamdulillah. Halafu lugha ikawaishia. Haji hakujua Kiswahili, Badawi hakujua kingine. Madam angeweza kuyatoa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha Shomari kilikuwa cha jikoni. Madam alizungusha macho akamwona Jairus mlangoni.

“Wewe,” alisema. “Njoo umwambie. Neno kwa neno.”

Jairus akasogea mbele ya rafu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini jikoni mle sakafu ilikuwa ya vigae na ilikuwa imara.

“Shikamoo, Mzee,” alisema.

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Jairo? Shomari kanihadithia habari zako. Ahsante kwa kuniangalizia mwanangu.”

“Mzee, Haji huyu anasema anakuomba radhi. Anasema majuzi aliutazama wando akaukuta umegeuzwa. Akasema...” Akasita. Madam alikuwa akimtazama. “Akasema baba aliyemfundisha mwanawe hivi hajawahi kuona samaki ila kwenye sinia. Anasema alidanganywa. Aliyeugeuza si Shomari.”

Paji la uso kwenye kioo lilitulia. “Kadanganywa na nani?”

Hilo Madam hakuwa amelisema. Hakuna aliyemtuma Jairus kulijibu.

“Na mimi, Mzee. Mimi niliugeuza kwa ujinga, nikamsingizia mwanao. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.”

Lukman akadhani simu imekatika, akainama kuchungulia. Haikuwa imekatika. Mzee Badawi alikuwa ameishusha simu, na sasa uso wake wote ulionekana: ndevu nyeupe, macho yaliyokwisha kwa jua na chumvi, yanatafuta kitu kwenye kioo kidogo. Hayakumtafuta Jairus.

“Mwambie mzee mwenzangu nimemsamehe, hana kosa,” alisema. “Ila Shomari, baba, uko hapo? Mbona mimi uliniambia kanisifu? Na mimi nimeshawaambia watu wa msikitini.”

Shomari alikuwa karibu na sinki. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na masikio yakamwiva. Jairus hakuwahi kumwona na aibu hata siku moja, si siku ya sinia, si siku ya masufuria. Sasa alikuwa nayo, mbele ya baba yake na mbele ya jiko zima, na haikuwa yake.

“Anasema nini?” Madam Rohana aliuliza. Haji Deraman naye alikuwa akingoja, fimbo mkononi, akimtazama Jairus.

Na Jairus, kwa kuwa ndiye pekee mle aliyezijua sawasawa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, akatafsiri.